Kusoma rutuba ya bahari ya kale katika maganda ya viumbe vidogo

Katika isimu linganishi tumezoea kuweka nyota ndogo mbele ya neno ambalo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kulisikia. Kiswahili husema tatu, Kibemba tatu, Ciluba satu, Lingala sato. Tukiyapanga maneno hayo pamoja na ndugu zao wengine tunaandika *-tatu, kisha tunadai kwamba hivyo ndivyo walivyohesabu wale waliotutangulia. Hatuna kanda ya sauti yao wala barua yao hata moja. Tuna mabaki, na tuna kanuni zinazoeleza jinsi mabaki hayo yalivyobadilika njiani. Anayeshika mabaki na kuzisahau kanuni hutunga lugha yake mwenyewe huku akidhani anajenga upya lugha ya mababu.

Nimeanza na nyota hiyo kwa sababu wako watafiti wa bahari wanaofanya kazi ya namna ileile. Wanataka kujua bahari ilizalisha uhai kiasi gani kwa mwaka, miaka 20,000 iliyopita, au 200,000, wakati hapakuwa na mtu wa kupima. Mabaki yao ni maganda ya viumbe wasioonekana kwa macho, yaliyoshuka chini na kulala katika tope. Mimi ni mtu wa lugha, si wa jiolojia, na kilichonivuta katika kazi yao ni ule ugomvi wa mashahidi: ganda moja linasema bahari ilikuwa tajiri, jingine linasema ilikuwa maskini, na yote mawili yametoka katika tope lilelile.

Kwanza, inatuhusu nini? Mimea ya nchi kavu tunaiona, lakini karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanywa na mwani mdogo unaoelea katika tabaka la juu la bahari, pale mwanga wa jua unapofika. Mwani huo huliwa na wanyama wadogo, nao huliwa na samaki. Mpiodi, ambaye wengine humwita Thomson, yule samaki wa barafu anayeuzwa katika masoko yetu, kwa sehemu kubwa hutoka Namibia. Huko upepo husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kina yenye virutubisho hupanda kuchukua nafasi yake. Upepo ule ukilegea, au maji yale yakipanda bila virutubisho, sufuria ya mtu wa Kinshasa au Likasi itajua. Kuna sababu nyingine pia. Mwani huvuta hewa ya kaboni, na sehemu yake huzama nayo kilindini. Katika enzi ya barafu iliyopita hewa hiyo ilikuwa chache kuliko kabla ya viwanda, karibu sehemu 190 kwa milioni badala ya 280, na wengi wanashuku kwamba rutuba ya bahari ilichangia. Ili kuthibitisha au kukanusha shaka hiyo ni lazima rutuba ya kale ipimwe.

Hapa nasimama kidogo kwenye neno, kama desturi ya kitivo chetu. Nimesema «rutuba» na nimesema «kuzalisha», kana kwamba ni kitu kimoja. Mkulima anajua si kimoja. Rutuba ni uwezo wa shamba. Mavuno ni kile kilichotoka shambani mwaka huu. Na kilichofika ghalani ni kiasi cha tatu, baada ya panya, ndege na wezi. Baharini ni hivyohivyo. Kuna virutubisho vilivyo karibu na mwanga, kuna mwani uliokua, na kuna kile kidogo kilichozama hadi chini bila kuliwa njiani, ambacho katika bahari ya kina huwa kama asilimia moja tu ya kilichokua juu. Vitabu vingi hutumia neno moja kwa vyote vitatu. Nadhani nusu ya ugomvi wa mashahidi huanzia katika neno hilo moja.

Sasa mashahidi wenyewe. Diatomu ni mwani wenye ganda la silika, yaani kitu cha jamii ya kioo, lenye vitundu vilivyopangwa kwa ustadi ambao hata anayelitazama kwa mara ya mia hukaa kimya kwanza. Kokolithofori ni mwani mwingine, unaojifunika kwa visahani vya chokaa vyenye upana wa elfu chache za milimita. Foraminifera si mwani. Ni viumbe wa seli moja wenye ganda la chokaa linalofanana na kijikonokono, wengi wao chini ya milimita moja. Baadhi huelea karibu na uso wa bahari, wengine huishi sakafuni wakingoja chakula kinachodondoka kutoka juu. Wote hawa wakifa, maganda hushuka, na tope hujengeka juu ya tope, sentimita chache kwa kila miaka elfu katika bahari kuu, na zaidi ya hapo karibu na mabara. Meli ya utafiti hushusha bomba zito, hulikita chini, na kuvuta mche mrefu wa tope, kama mche wa sabuni. Juu ya mche ni jana. Chini yake ni maelfu ya miaka. Mtafiti hukata vipande, huosha, huweka chini ya hadubini, na kuhesabu. Huhesabu kwa mamia, kipande baada ya kipande. Siku hizi kompyuta zimefundishwa kutambua maumbo hayo, na nafikiri macho ya watafiti wengi yameshukuru.

Shahidi ninayempenda kuliko wote ni kokolithofori mmoja mdogo aitwaye Florisphaera profunda. Wenzake wengi hukaa juu kwenye mwanga mwingi. Yeye hukaa chini, kuanzia mita sitini hivi na kuendelea, mahali pa mwanga hafifu. Virutubisho vikipanda hadi juu, wale wa juu hustawi na kuzaana, naye huwa mchache kati ya wengi. Virutubisho vikibaki kilindini, wale wa juu hufa njaa huku yeye akila polepole gizani, na sehemu yake katika hesabu hupanda. Kwa hiyo akionekana kwa wingi katika tope, ujue juu palikuwa na ukame. Barbara Molfino na Andrew McIntyre walimtumia hivyo mwaka 1990 katika Atlantiki ya ikweta. Mwaka 1997 Luc Beaufort na wenzake walikwenda mbele zaidi. Walichukua tope la juu kabisa kutoka sehemu mbalimbali za Bahari ya Hindi, ambamo maganda ni ya siku zetu, wakalinganisha asilimia ya Florisphaera na uzalishaji wa leo unaokadiriwa kwa satelaiti. Wakapata kanuni hii: uzalishaji, kwa gramu za kaboni katika mita moja ya mraba kwa mwaka, ni 617 ukiondoa 279 mara logi ya asilimia ya Florisphaera iliyoongezwa 3.

Msomaji asiogope, ajaribu mwenyewe. Florisphaera ikiwa asilimia 90, tunatafuta logi ya 93, ambayo ni karibu 1.97, mara 279 ni 549, tunabaki na gramu 68. Hiyo ni bahari maskini. Ikiwa asilimia 20, logi ya 23 ni 1.36, na jibu ni kama gramu 237. Kwa kanuni hiyo Beaufort na wenzake waliusoma mche uliotolewa karibu na visiwa vya Maldivi, wenye historia ya miaka 910,000, wakaona uzalishaji ukipanda na kushuka kati ya gramu 70 na 390. Jambo lililowashangaza wengi ni mwendo wake. Ulifuata kiasi cha jua kinachoangukia ikweta mwezi wa Februari, ambacho hubadilika kadiri mhimili wa dunia unavyoyumba kama pia, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 23,000. Bahari ya ikweta haikungoja barafu ya kaskazini iiamuru. Ilikuwa na saa yake.

Mtu wa isimu atauliza mara moja: kanuni iliyotokana na lugha za leo ina haki gani juu ya lugha ya jana? Swali ni la haki. Kanuni ya Florisphaera inategemea kwamba tabia za viumbe hawa hazikubadilika, na kwamba maji yalikuwa maangavu kama leo. Mahali ambapo mto mkubwa huchafua maji, mwanga haufiki chini, na yule mkaaji wa chini hutoweka hata kama hali ya virutubisho haikuguswa. Ukiipeleka kanuni ya Maldivi kwenye mdomo wa mto Kongo bila kufikiri, utaambiwa pana utajiri, kumbe shahidi amezimiwa taa.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa hesabu tu. Mwenye duka ana magunia kumi ya mahindi na kumi ya maharagwe. Anauza mahindi matano. Maharagwe, yaliyokuwa nusu ya ghala, sasa ni theluthi mbili, ingawa hakuna punje moja ya maharagwe iliyoongezeka. Hivyo ndivyo asilimia zinavyodanganya katika tope. Diatomu zikipanda kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mashapo, huenda zimeongezeka, au huenda chokaa imepungua kwa sababu imeyeyuka. Ndiyo maana watafiti waangalifu huuliza ni gramu ngapi zilizoanguka kwenye kila sentimita ya mraba kwa kila miaka elfu, jambo linalodai kujua umri wa kila kipande. Nimeona michoro mizuri ya asilimia ambayo ningeiamini nusu tu kwa sababu hiyo.

Na kuna kuyeyuka kwenyewe. Maji ya bahari yote yana njaa ya silika. Ganda la diatomu huanza kuyeyuka mara tu mwenyewe anapokufa, na katika silika yote inayojengwa na diatomu juu, kama asilimia 3 tu huzikwa chini. Hebu fikirini maktaba ambamo vitabu 97 katika kila mia vimeliwa na mchwa, tena mchwa wanaochagua karatasi nyembamba. Maganda manene hubaki, membamba hupotea. Mbegu ngumu ambazo diatomu wa jenasi Chaetoceros huziunda virutubisho vinapokwisha huonekana kwa wingi katika tope la pwani ya Namibia. Ni kweli huashiria kupanda kwa nguvu kwa maji ya kina, lakini pia ni kweli kwamba zimejaliwa koti zito.

Sasa nifike Namibia, kwenye kesi niliyoahidi. Mwaka 1997 meli ya kuchimba JOIDES Resolution, katika safari ya 175 ya mradi wa kimataifa wa kuchimba bahari, ilitoboa sakafu ya Atlantiki kuanzia mbele ya mdomo wa Kongo, kupitia Angola na Namibia, hadi karibu na Afrika Kusini. Wakuu wa sayansi walikuwa Gerold Wefer na Wolfgang Berger. Walikwenda wakijua kitendawili kilichokwisha kuonekana katika miche ya zamani kuzunguka mgongo wa milima ya chini ya bahari uitwao Walvis. Kila mtu alitegemea hivi: katika enzi za barafu pepo zilivuma kwa nguvu zaidi, basi maji ya kina yalipanda zaidi, basi mwani ulikua zaidi, basi diatomu ziwe tele. Kaboni ya viumbe katika tope ilikubali. Iliongezeka katika enzi za barafu. Joto la maji lililokadiriwa lilikubali. Bahari ilikuwa baridi, kama inavyokuwa maji ya kina yanapopanda. Lakini diatomu zilikataa. Silika yao ilikuwa chache katika enzi za barafu na nyingi katika enzi za joto, kinyume kabisa. Wataalamu wenyewe walikiita kitendawili cha opali cha Walvis. Opali ni jina la silika hiyo ya maganda.

Tega, nitegue. Mtu mvivu angesema mmoja wa mashahidi ni mwongo, amfukuze. Angeweza kuilaumu kaboni, akisema ilihifadhiwa vizuri tu kwa sababu oksijeni ilikuwa kidogo. Angeweza kuilaumu silika, akisema iliyeyuka zaidi. Sehemu ya ukweli iko huko. Lakini jibu ambalo Berger na wenzake waliliegemea lina uzuri wake: wote wawili walisema kweli, ila waliulizwa maswali tofauti. Maji yaliyopanda katika enzi za barafu yalikuwa mengi, yenye nitrati na fosfati, lakini yalikuwa na silika haba, kwa sababu asili ya maji yale ya kina cha kati ilikuwa imebadilika. Shamba lilikuwa na mbolea, ila mbegu moja ilikosa kitu chake maalumu. Mwani usiohitaji kioo ulikua, na diatomu wakabaki nyuma. Kwa hiyo ganda la diatomu halikuwa kipimo cha uzalishaji wote. Lilikuwa kipimo cha silika iliyofika kwenye mwanga. Mtu aliyehesabu diatomu peke yao angeandika kwamba bahari ya Namibia ilikuwa jangwa wakati ambapo huenda ilikuwa shamba.

Hapo ndipo foraminifera wa sakafuni wanapofaa. Hao hawajali mwani ulikuwa wa kioo au wa chokaa, wanangoja chakula. Juan Carlos Herguera na Berger walionyesha mwaka 1991 kwamba idadi ya maganda yao yanayojikusanya kwa muda fulani hupanda kadiri chakula kinachofika chini kinavyoongezeka. Aina zao nazo huzungumza. Uvigerina hupenda tope lenye chakula kingi cha daima. Epistominella exigua hujitokeza pale ambapo chakula huja kwa mafungu, baada ya msimu wa mwani kuchanua juu. Nao wanatoa habari ya ghalani, si ya shambani. Tena chokaa yao huyeyuka katika maji ya kina yenye asidi. Hakuna shahidi asiye na doa.

Wasomaji waliokulia mashariki huenda wangependa mfano wa upepo wa kusi. Kati ya Juni na Septemba kusi huvuma kando ya Somalia na Oman na kupandisha maji baridi. Hapo hustawi Globigerina bulloides, foraminifera anayeelea, ambaye kwao hasa ni maji ya baridi ya mbali na tropiki. Asilimia yake katika tope la pwani ya Oman imetumika kupima nguvu za kusi kwa maelfu ya miaka. Hapa kesi ni nyepesi kuliko ya Walvis, kwa sababu mgeni wa baridi katika nchi ya joto hawezi kujificha.

Narudi kwenye mto wetu, ambako kazi hii inakuwa ngumu na, kwa mtu wa Katanga, ya karibu zaidi. Maji ya mto Lubumbashi huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, Luapula hupitia ziwa Mweru na kutoka kwa jina la Luvua, kisha hukutana na Lualaba huko Ankoro. Njia nzima maji hayo huyeyusha miamba kidogo kidogo na kubeba silika. Mdomoni, mto unamwaga karibu mita za ujazo 40,000 kwa sekunde, ukishindwa na Amazon peke yake. Silika hiyo hulisha diatomu wa baharini. Basi katika tope la mbele ya mdomo, diatomu wengi wa maji ya chumvi wanaweza kumaanisha kwamba maji ya kina yalipanda, au kwamba mvua ilinyesha sana bara. Ganda ni lilelile.

Kinachosaidia ni kwamba mto haukutuma silika iliyoyeyuka peke yake. Ulituma pia wakaaji wake. Aulacoseira ni diatomu wa maji baridi yasiyo na chumvi, mwenye umbo la mapipa yaliyofungwa mnyororo. Akikutwa kilomita nyingi ndani ya bahari, hakuzaliwa pale. Pamoja naye hupatikana fitolithi, vipande vidogo vya silika vinavyojengwa ndani ya majani, hasa ya nyasi. Mwaka 1991 watafiti wa Uholanzi, Jansen na van Iperen, waliandika historia ya miaka 220,000 ya hali ya hewa ya Afrika ya ikweta kwa kutumia diatomu na fitolithi kutoka tope la mto huu, ambao wakati huo uliitwa Zaire. Baadaye tundu namba 1077 la safari ile ya 1997, katika maji ya kina cha karibu mita 2,400, lilisomwa kwa njia hiyohiyo. Hata hapa kuna onyo: mahali pengine katika Atlantiki, diatomu wa maziwa yaliyokauka wamepeperushwa na upepo wa Sahara hadi baharini. Aulacoseira huyohuyo anaweza kushuhudia mafuriko hapa na ukame kule. Mbele ya mdomo wa Kongo mto ndio mshukiwa mkuu, lakini lazima aulizwe.

Pia lazima mtu achague mahali pa kukita bomba. Korongo la chini ya bahari linaanzia ndani kabisa ya mdomo wa mto, na mara kwa mara tope hushuka humo kama maporomoko. Katikati ya Januari 2020 mporomoko mmoja ulikimbia zaidi ya kilomita elfu moja chini ya bahari na kukata nyaya mbili za mawasiliano. Huenda msomaji anakumbuka intaneti ilivyokuwa nzito siku zile. Tope la namna hiyo huchanganya karne na karne. Ndiyo maana miche mizuri huchukuliwa pembeni ya korongo, ambako maganda yameshuka taratibu, moja juu ya jingine.

Mwaka 2005 Enno Schefuß na wenzake walitumia shahidi wa aina nyingine katika mche wa hapo mbele ya mdomo: nta ya majani ya mimea ya bara, iliyobebwa na mto pamoja na tope. Walisoma humo miaka 20,000 ya mvua ya Afrika ya Kati, na kuona vipindi vya ukame vikienda sambamba na tofauti ya joto kati ya sehemu za Atlantiki ya kusini. Nta haijui lolote kuhusu silika, wala haili virutubisho. Anayehesabu diatomu leo mbele ya mdomo wa Kongo huweka safu ya nta kando ya safu yake: wanapopanda pamoja na mvua, husema ni mto, wanapopanda katika ukame, hugeuka kuuliza upepo na maji ya kina.